MALI YA UMMA SIYO MALI YA POPO

Ndugu wanachama,

Majineri na maghala mangapi ya umma huku kandokando ya ziwa yamebaki na popo tu? Na nani anawajibika?

Maana majengo hayo hayakuota kama uyoga. Tangu 1955 wazee wetu wa Shirikisho la Victoria walikatwa senti kwenye ratili za pamba, ndipo majineri yakasimama. Mei 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, mali ikaenda Mamlaka ya Pamba. Sheria ya 1982 ikarudisha vyama, ila mali nyingi ilirudi imechoka, na madeni juu yake.

Leo ukiulizia ghala bovu unaambiwa nenda wilayani. Wilaya wanasema mkoani. Mkoa wanasema faili liko Dodoma. Bati halingoji faili! (Wale wanaong'oa mabati usiku nao tunawajua, tutaonana mkutanoni.)

Sisi tunasema, mwenye hati ndiye mwenye paa. Kama hati iko Serikalini, basi iweke mlinzi, izibe ufa kabla ukuta haujaangukia watoto, itengeneze. Ikishindwa, itukabidhi sisi kwa maandishi. Wasituambie haiwezekani. MV Victoria, meli ya tangu 1961, ilisimama 2014. Serikali ikatoa fedha, 2020 ikarudi safarini. Meli nzima imewezekana, ghala je?

Jumamosi saa nane mchana tukutane chini ya mwembe. Kila mmoja ataje jengo analolijua, tuandike orodha, tumpelekee Mkuu wa Wilaya.