Viwanja viwili na deni la milioni sita

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja wa msikiti wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeacha nyumba ya vyumba vinne Temeke na viwanja viwili Chanika. Baada ya maziko, kama ilivyo ada, jamaa walisimama wakauliza nani anamdai marehemu. Akajitokeza mtu, kwa haya nyingi, akataja shilingi milioni sita. Fedha taslimu iliyokuwamo ndani haikutosha hata turubai na viti.

Deni hutangulia wasia na mgao. Hilo wasomaji wetu wanalijua. Lakini kiwanja hakimlipi mdai mpaka kiuzwe, na cha marehemu hakiuziki kihalali mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Tena vile vya Chanika havikuwa na hati, ila karatasi za mauziano zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mnunuzi wa kwanza alitaka eneo lipimwe kwanza. Wa pili alingoja mkopo usiotoka. Wa tatu alikuwa na fedha mkononi na alijua kwamba warithi wamebanwa, akatoa nusu ya bei. Ikapita miezi minane.

Wachumi huliita jambo hili ukwasi. Kwa wazee wetu mkwasi ni tajiri, basi. Katika lugha ya benki, ukwasi ni wepesi wa mali kugeuka fedha bila kupoteza thamani yake. Marehemu alikuwa nao kwa maana ya kwanza tu.

Hatuwakatazi watu kununua ardhi. Haina riba, na imesomesha watoto wengi. Ila bei anayoitaja dalali barazani si fedha. Fedha ni kile kinachosalia baada ya ujira wake dalali, kodi ya asilimia 10 ya faida, na punguzo analokubali mwenye haraka.

Zaka nayo haingoji mnunuzi. Nyumba ya kuishi haina zaka. Ya kupangisha, zaka iko katika kodi iliyokusanywa, ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka. Bali kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa ya biashara, na kwa wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya soko kila mwaka. Kiwanja cha milioni 40 kinadai milioni moja. Wafuasi wa Imam Malik wana kauli nyepesi kwa anayengoja bei ipande: atoe mara moja, siku atakapouza. Tumeona watu wakiikimbilia kauli hiyo mwezi wa Ramadhani, na kuisahau siku ya mauzo.

Wanaotuuliza huwa tunawaambia wasinunue kiwanja cha pili kabla ya kuweka kando matumizi ya miezi sita ya nyumbani. Viwanja viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa kuwa shida ya milioni sita haihitaji kuuza eka nzima. Na hati ifuatiliwe mwenyewe akiwa hai na ana nguvu za kupanga foleni. Mwenye deni na viwanja vitatu auze kimoja sasa, angali anaweza kumkatalia mnunuzi.

Deni la mzee wetu hatimaye alilibeba mwanawe mkubwa, mwenye duka la vipuri, kwa makubaliano na mdai, akalilipa kidogo kidogo. Imebaki nyumba. Kwa mjane, wana watatu na mabinti wawili, mgao ni sehemu 64: mama nane, kila mwana kumi na nne, kila binti saba. Hesabu tuliimaliza kwa robo saa. Vyumba ni vinne, wawili kati ya warithi wanataka fedha zao, na mama hataki kuhama.