GURUDUMU LIKISIMAMA, NANI ANALIPA?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wenyeji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi!

Vijana wenye leseni ya kamyo kubwa wanakuja kutuuliza sisi makarani wa mgodi: kampani ile ya usafirishaji ni nzuri? Tuingie? Wanatuuliza kwa sababu sisi tunaandika uzito wa shaba kwenye mzani, na makamyo ya kampani nyingi yanapita mbele ya macho yetu. Leo tunawajibu wote pamoja.

Matajiri wa makamyo wanatangaza neno moja tu: feza ya safari. Kijana anahesabu safari tatu kwa mwezi, anafurahi. Hesabu hiyo ni mtego! Shikeni kalamu. Tuseme safari moja inalipwa dola 300. Ukienda na kurudi kwa siku 10, umepata dola 30 kwa siku. Ukikawia siku 30, ni dola 10 tu kwa siku. Na katika hizo umekula njiani, na jamaa nyumbani wamekopa unga.

Je, utakawia? Ninyi wenyewe mnajua. Reli ilifika hapa mwaka 1910, na ile ya Benguela ikatufikia mwaka 1931. Lakini vita vya Angola viliifunga njia hiyo toka 1975 kwa miaka mingi. Ingawa treni za Lobito zimeanza tena kubeba shaba, sehemu kubwa bado inakwenda juu ya matairi, kwa njia ya Kasumbalesa, mpaka Dar es Salaam au Durban. Pale mpakani foleni ya makamyo imepata kuwa ya kilometa nyingi, na mashofere wamelala humo siku nyingi wakingoja karatasi za duane.

Matajiri wanasema: "Foleni si kosa letu." Vema! Ni kosa la shofere? Yeye hakuandika karatasi, hakuchagua siku ya kupakia, hakupatana bei na mwenye shaba. Usiku anakaa macho kwa sababu ya wezi, na siku hizo wanaziita siku za kupumzika! Mlinzi wa ghala analipwa kwa kulinda. Kwa nini shofere alinde bure? Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka mpaka wa saa 45 kwa juma. Haikusema kwamba shofere si mtu.

Basi, kabla ya kutia sahihi kwenye kontra, ulizeni:

Kwanza, siku ambazo kamyo imesimama, kwa foleni au kwa kuharibika, zinalipwa ngapi?

Pili, mazuto yakipungua au shaba ikiibwa, nani anakatwa, na nani anahakikisha hesabu?

Tatu, jina langu litaandikwa CNSS, na malipo yanapelekwa kweli?

Nne, mzigo ni nini? Mwezi wa Februari 2019, karibu na Tenke, kamyo ya asidi ilipata ajali, na watu karibu 20 walikufa. Anayepewa asidi bila mafundisho na bila nguo za kazi anapewa kifo akipeleke njiani.

Majibu yawe yameandikwa kwenye karatasi. Maneno ya mdomo yanabaki getini. Kisha nendeni kwa mashofere waliokwisha kuendesha mwaka mzima kwa tajiri huyo, muwaulize maneno yaleyale. Kuuliza si ujinga.

Sisi tunasema wazi: kampani inayolipa siku za kusimama, hata kama bei yake ya safari ni ndogo, inafaa. Ile inayolipa magurudumu tu haifai, hata ikiahidi dola nyingi.

Mtasikia: "Vijana mia wanangoja nje." Ndiyo, wanangoja. Mmoja akiuliza peke yake, wanamfukuza. Lakini wote mia wakiuliza swali moja, tajiri atafanya nini? Atakaa yeye mwenyewe kwenye usukani mpaka Dar es Salaam? Shaba haina miguu. Jueni nguvu yenu, ulizeni pamoja!