Hesabu mapigo ya moyo ya mzee wako

Wazazi wenzangu, nyumba nyingi hapa Mwimbi zina bibi au babu mwenye ugonjwa wa moyo. Presha hupimwa kliniki, lakini mapigo unaweza kuyahesabu mwenyewe, bure.

Mwache mzee akae dakika tano kwanza, asiwe ametoka kuchota maji wala kupanda kilima. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya dole gumba (dole gumba lako usilitumie, lina mapigo yake), uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Kwa mgonjwa wa moyo, hata ndani ya namba hizo kuna tofauti. Utafiti wa BEAUTIFUL, uliochapishwa 2008, ulifuatilia watu wenye mishipa ya moyo iliyoziba na moyo uliodhoofika. Wenye mapigo 70 au zaidi walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenye pungufu. Misuli ya moyo hupata damu yake hasa moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, na ukienda mbio, nafasi hiyo hufupika.

Namba iandikwe kwenye daftari la kliniki. Dawa ya kupunguza mapigo isikatwe ghafla eti mzee amepata nafuu. Hilo naliona sana, na ni hatari. Mapigo yakianza kurukaruka bila mpangilio, usingoje siku ya kliniki, maana damu inaweza kuganda moyoni ikaleta kiharusi. Akizirai, akibanwa kifua au akihema naye amekaa tu, tafuteni usafiri wa hospitali usiku huohuo.