Moyo wa Mshairi na Mawimbi ya Ubongo

Wanachama wenzangu, katika semina moja ya fasihi mwenzetu alidai kwamba washairi wa Lamu walikosea kuuhutubia moyo, kwani sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa moyo ni pampu ya damu tu na hisia hukaa ubongoni. Wengi tuliafiki. Makala haya yanapinga dai hilo, si kwa kuikataa sayansi, bali kwa kuisikiliza hadi mwisho.

Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Wataalamu huyaainisha mawimbi ya umeme huo kwa kasi: delta, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, theta, 4 hadi 8, alfa, 8 hadi 13, beta, 13 hadi 30, na gama, zaidi ya 30. Hakuna wimbi moja la huzuni wala la furaha. Lenye uzito ni namna mawimbi yanavyohusiana. Aliyewahi kutoka kwa mashua nje ya Shela atanielewa: mawimbi mapana ya bahari kuu hubeba migongoni viwimbi vidogo vya upepo. Ubongoni nako mawimbi ya polepole huweza kuongoza nguvu ya yale ya kasi. Baadhi ya wataalamu huufasiri uhusiano huo kuwa ni mazungumzo baina ya sehemu za ndani, zinazohusika na hisia, na gamba la mbele linalopima na kuamua.

Aidha, uchunguzi umetenganisha hisia na ari. Awali ilidhaniwa kuwa upande wa kushoto wa mbele ya ubongo ni wa hisia njema, na wa kulia ni wa hisia mbaya. Hasira ikaivuruga picha hiyo. Ni hisia chungu, lakini katika majaribio kadhaa mawimbi ya alfa yalipungua upande wa kushoto, dalili ya kuwa upande huo unafanya kazi zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba hasira humsukuma mtu mbele, ilhali hofu humrudisha nyuma. Matokeo haya bado yanajadiliwa, lakini yamelifungua jambo muhimu: kuhisi ni kimoja, kusukumwa kutenda ni kingine.

Sasa tulirudie shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mshairi anaukemea moyo wake na kuukumbusha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari na sasa ni magofu. Moyo umekwisha kuona, mbona haugutuki? Tatizo lake si ujinga. Ni kwamba maarifa hayajageuka kuwa msukumo. Moyo huo si pampu. Ndio huo tunaoutia, unaotuvunjika, na tunaoufanya mmoja tunapoazimia jambo.

Sidai kwamba mshairi aliyajua mawimbi ya ubongo. Huo ungekuwa uzushi. Nadai kwamba alikuwa na lugha ya kulijadili pengo lililopo kati ya kujua, kuhisi na kutenda, na sisi tunaiacha ipotee. Leo neno "hisia" tunalibebesha mguso wa ngozi, huzuni na hata maoni, na "motisha" imekuwa bahasha ya posho. Hasara yake si ya darasani pekee. Mgonjwa wa Siyu au Faza akimwambia tabibu mgeni kwamba moyo wake umekufa, huenda akapimwa mapigo, akaambiwa ni mzima, akarudishwa nyumbani na maradhi yake.

Kwa hiyo, nawatolea wito wanafunzi na wahadhiri wetu: tunapounda istilahi za sayansi ya ubongo, tusikimbilie kutohoa kabla hatujazifungua tenzi za Lamu. Ari, hima, ghera, hamu, shauku na nia si visawe. Tuyapambanue maneno hayo kwanza, kisha tukae na wanasayansi meza moja.