Ganzi miguuni, moyo kwenda mbio: huenda ni sukari

Kila tukifungua simu kwenye kipindi cha afya, malalamiko mawili hayakosi. Mmoja atasema miguu inakufa ganzi. Mwingine atasema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na akisimama ghafla anaona giza. Majibu ya mtaani yapo tayari: wa kwanza kachoka na shamba, wa pili ana presha au karogwa. Wachache hufikiri kwamba yote mawili yanaweza kuwa na chanzo kimoja, yaani sukari.

Wengi bado wanaona kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani takwimu ziliwaunga mkono. Mwaka 1989 watafiti wakiongozwa na Profesa Donald McLarty walichapisha matokeo ya upimaji katika vijiji vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya watu wazima 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa, mjini na vijijini, ulikuta takriban 9 kati ya kila watu 100 wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Tafiti hizo hazikupima maeneo yale yale, lakini mwelekeo unaonekana.

Tatizo huanza kimyakimya. Kongosho hutoa insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu. Kitambi, kukaa bila kushughulika na kurithi katika ukoo vinaweza kuufanya mwili uwe mgumu kuiitikia. Wataalamu huita hali hiyo usugu wa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka kadhaa mtu anaweza asihisi lolote.

Hapo ndipo moyo unapoingia. Moyo huongozwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili. Ifananishe na bodaboda: upande mmoja ni mafuta, unaongeza mwendo, upande mwingine ni breki, unautuliza. Insulini ikizidi kwenye damu huchochea upande wa mafuta, na kwa wenye usugu huo breki nayo huonekana kulegea. Mapigo huongezeka hata mtu akipumzika, na presha inaweza kupanda.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu yenyewe. Ile ya miguuni ikiumia, ganzi huingia. Ile ya moyo ikiumia, mwili hushindwa kurekebisha presha haraka mtu anaposimama, ndiyo maana anaona giza. Hatari kubwa ni kwamba mtu huyo anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua. Huishia kuhema, kutoka jasho au kuishiwa nguvu, na nyumbani wakadhani ni malaria.

Unaweza kuanza kujichunguza mwenyewe. Kaa utulie dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kawaida ni 60 hadi 100. Yakizidi 100 mara kwa mara, nenda kituo cha afya. Homa au upungufu wa damu pia huyapandisha, kwa hiyo usijitangazie kisukari. Omba upimwe sukari na presha. Ambaye tayari anatumia dawa asiziache eti kwa kuwa anajisikia vizuri.

Kutembea kila siku, kupunguza kitambi, soda na sukari kwenye chai husaidia mwili kuiitikia insulini tena. Ugali wa uwele, mtama au dona, chakula tulichokulia hapa Singida, ni bora kuliko sembe iliyokobolewa, ilimradi kwa kiasi.

Mwaka 2023 nchi ilipata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua kubwa, lakini bima haimsaidii mtu asiyejua kwamba anaumwa. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya wenye kisukari barani Afrika hawajagundulika. Basi, iwe Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni, kwenye mkutano ujao wa kijiji nyoosha mkono uulize: zahanati yetu ina mashine ya kupima sukari? Na vijiti vyake vya kupimia vipo, au mashine imekaa kabatini?