Chungu kimoja, afya ya wawili: waraka kwa wanandoa wa Kasese na Bwera

Kwa wazee wa makanisa, mashemasi, akina mama wa Dorkasi, vijana waliofunga ndoa karibuni, na waumini wote wa Kasese mjini, Kilembe, Hima, Kisinga, Kyarumba, Bwera na Mpondwe.



Nawaandikia juu ya presha na sukari, na juu ya chungu kinachotelekwa jikoni mwa mume na mke. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu waraka huu utasomwa na Mkonzo wa milimani, na Mtoro, na ndugu zetu waliovuka kutoka Kasindi, na soko la Mpondwe limetuzoeza sote kuelewana kwa lugha hii.

Tunapopima presha baada ya ibada naona jambo moja likijirudia. Baba akikutwa na presha, mama aliyekaa kando yake akisubiri zamu naye mara nyingi hayuko mbali. Wataalamu wameliona pia kwa upande wa sukari. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa wakakuta kwamba mtu ambaye mwenzi wake ana kisukari, hatari yake mwenyewe ya kuugua imezidi kwa asilimia 26. Hawa si ndugu wa damu. Wanachoshirikiana ni meza, kiti, saa za kulala na kijiko cha sukari. Ndiyo maana nawasihi, kwa upendo wote nilio nao: atakayebadili chakula asibadili peke yake. Badilini wawili.

Tunajua inavyokuwa. Baba ameambiwa hospitali apunguze chumvi na mafuta. Mama anampikia sahani yake ya pembeni, mboga za kuchemsha zisizo na ladha, na wengine wote wanakula mchuzi. Baba anavumilia juma moja, la pili anaanza kuchovya kwenye bakuli la watoto, la tatu amerudi kwenye mchomo wa barabarani. Au mama ndiye mwenye sukari. Anaendelea kumpikia mumewe nyama na posho ya unga mweupe kama kawaida, na yeye anakula kilichobaki akiwa amesimama jikoni. Nyumba zote mbili hazikukosa ushauri wa daktari. Zilikosa kukaa chini wawili na kukubaliana juu ya chungu.

Fungueni Mwanzo sura ya kwanza. Chakula cha kwanza ambacho Mungu alimpa mwanadamu, mimea yenye mbegu na miti yenye matunda, hakukitaja mbele ya mume peke yake wala mke peke yake. Alisema nao wote wawili. Mkienda kwa Danieli mtakuta vivyo hivyo: hakwenda peke yake kwenye zile siku kumi za mboga na maji, walikuwa wanne. Tena aliomba kwa adabu, akapendekeza jaribio, wala hakumtukana msimamizi wala kumtupia sahani ya mfalme usoni. Mume anayeingia nyumbani na amri kwamba kuanzia leo hapa hapapikwi nyama, akiwa hajawahi kuosha hata sufuria, hakumsoma Danieli vizuri.

Kati yetu Waadventista hakuna asiyejua kwamba Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen White alipewa njozi juu ya afya, kanisa letu likiwa limeundwa rasmi majuma mawili hivi tu kabla. Yaliyompata mumewe hatuyasimulii sana. Agosti 1865 James White alipigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 44, na alikuwa amejichosha kwa kazi kwa muda mrefu. Mkewe alimpeleka kwenye nyumba ya matibabu kule Dansville, New York, na baadaye wakahamia shambani, Greenville, Michigan, wakala chakula cha kawaida na kushika jembe. Nyasi za mifugo zilipokuwa tayari kuvunwa, James alitaka kuwaita majirani. Ellen akawatangulia, akawaomba wamjibu kwamba wamebanwa na kazi zao. Kisha yeye na mtoto wao wa kiume wakazikusanya nyasi na kuzirusha juu ya mkokoteni, naye James akazipanga na kuongoza wanyama. Mtu aliyedhaniwa kwamba amekwisha alipata nguvu, akaendelea na utumishi hadi 1881. Mimi naiona hapo picha ya ndoa yenye afya kuliko mahubiri mengi: mke hakumwachia mgonjwa dawa na amri, aliingia naye kazini.

Kuna jambo jingine katika maisha ya mama huyo ambalo linanitia moyo, na nataka liwatie moyo ninyi mnaodhani mmechelewa. Hakuiondoa nyama kabisa mezani pake mwaka ule wa njozi. Alifikia uamuzi wa mwisho mwaka 1894, akiwa Australia, baada ya makambi ya Brighton. Ni zaidi ya miaka thelathini. Basi msivunjike moyo mkishindwa juma hili, wala msimcheke jirani anayekwenda polepole.

Sasa nije nyumbani Uganda, maana wako wanaofikiri kwamba habari hizi ni za Marekani. Elimu kubwa ya dunia juu ya makapi ya chakula, yaani zile nyuzinyuzi zinazobaki katika nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, ilizaliwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji Mwailandi na Mkristo wa sala, alifika Uganda mwaka 1946, akaanza kazi Lira kisha akahamia Mulago. Mwenzake Hugh Trowell alikuwa tabibu na mwalimu Mulago kwa miaka mingi. Alipostaafu aliwekwa wakfu kuwa kasisi wa Anglikana. Waliona kwamba maradhi yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa haba sana kwa wakulima wa Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo: kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, kwa mabaharia wa Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80. Mwaka 1956 Trowell alikuwa ameandika katika jarida la madaktari habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja! Wakati ule ilikuwa ajabu inayostahili kuandikwa. Lakini uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne Uganda alikuwa na presha.

Babu zetu hawakuwa watakatifu kuliko sisi. Walikula muhogo, wimbi, maharage, kunde, viazi vitamu, mayuni na majani, walipanda na kushuka milima kwa miguu, na nyama waliiona kwenye sherehe. Sisi tumepata bodaboda, soda, mandazi ya asubuhi, chapati, mafuta ya kupikia ya jeri na unga namba moja uliosagwa hadi hauna kitu.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani kwamba mimea yoyote inatosha. Trowell huyohuyo ndiye aliyeshirikiana na wenzake kuandika kitabu juu ya kwashiakoo mwaka 1954, kwa sababu aliona watoto wa Uganda wakivimba na kufa kwa kulishwa ndizi na muhogo mtupu. Obundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, yaani majani ya muhogo, bila maharage, bila karanga, ni shibe isiyojenga mwili. Ninaposema chakula cha mimea nasema chakula kamili: wanga usiokobolewa, jamii ya maharage kila siku, majani ya kijani kila siku, matunda, na karanga au ufuta kidogo.

Haya tunayo. Hakuna haja ya kuagiza kitu Kampala. Sombe ichukueni hivi: majani machanga yatwangwe hadi yalainike kabisa, yachemshwe vizuri sufuria ikiwa wazi ili ile sumu yake itoke na mvuke, msiharakishe. Yakiiva, tieni kitunguu, nyanya, nyanya chungu na karanga za kusaga zilizokorogwa kwa maji ya moto, acheni vichemke pamoja taratibu hadi karanga ianze kuachia mafuta yake. Karanga inachukua kazi ya kopo zima la mawese. Siyalaani mawese, yana vitamini A, ila karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na kijiko kimoja kinatosha chungu cha familia. Maharage lowekeni Alhamisi usiku, mmwage maji yale, myapike Ijumaa ya maandalio yaive hadi yapondeke kwa ulimi. Siku ya Sabato hamtakuwa na haja ya kuhangaika na moto, na nyumba itakuwa na chakula kinachokaa tumboni mtu asikimbilie andazi saa kumi. Uji upikeni kwa unga wa wimbi. Mkila posho, mpelekeeni mwenye mashine mahindi yenu asage bila kukoboa. Matunda yaliwe yakiwa matunda: nanasi likikamuliwa na kuongezwa sukari limekwisha kuwa soda.

Kuhusu chumvi nitasema kwa mkazo, maana sisi tunaishi karibu na ziwa la chumvi la Katwe, na mkono wetu ni mzito. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate, katika vikolezo vya pakiti na katika samaki mkavu. Tumieni chumvi iliyotiwa madini ya iodini, kidogo, na muiondoe mezani. Ulimi huzoea baada ya majuma machache. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitawasaidia katika majuma hayo.

Je, kuna ushahidi kwamba kula hivi kunasaidia? Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kimekuwa kikiwafuatilia Waadventista wa Marekani na Kanada wapatao 96,000 tangu 2002, na karibu robo yao ni watu Weusi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wanaokula mimea mitupu, wenye kisukari walikuwa asilimia 2.9, kwa wanaokula nyama walikuwa 7.6. Miongoni mwa Weusi pia, wasiokula nyama walionekana kuwa na presha kidogo kuliko wenzao.

Sasa niwaonye, na hapa naomba msikilize kama mnavyosikiliza mhubiri. Asiwepo mtu wa kuacha dawa za presha au sukari kwa sababu ameanza kula maharage. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari, akibadili chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mno akaanguka shambani. Nendeni kwanza Bwera, Kagando, Kilembe au kituo cha afya kilicho karibu, mwelezeni mhudumu mnachotaka kufanya, mpimwe mara kwa mara, na yeye ndiye apunguze dozi ikihitajika. Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee matoke na maharage bila kuuliza. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya damu vya kliniki. Na anayeacha kabisa nyama, maziwa na mayai lazima apate vitamini B12 kwa tembe au kwa chakula kilichoongezewa, maana mimea haimpi. Mwenye kumeza metformini ajihadhari zaidi, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupunguza B12 mwilini. Kumshukuru Mungu kwa tembe hiyo si upungufu wa imani.

Akina baba, nina neno nanyi. Mabadiliko haya yasiwe mzigo mwingine kichwani mwa mama. Maharage yanahitaji kuni nyingi, sombe inahitaji mikono kwenye kinu. Nenda sokoni naye. Tafuta kuni. Shika mchi. Katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha nyama huwekewa baba kwa heshima, na mke akikipunguza huogopa ataonekana amemdharau mumewe. Wewe mwenyewe ndiwe wa kumwambia mbele ya watoto kwamba heshima yako haimo katika mfupa. Fedha za kilo moja ya nyama hununua kilo kadhaa za maharage. Zinazobaki zinunue maparachichi na karanga.

Akina mama, msimpige mume kwa maneno akila mchomo kwenye harusi ya watu. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Mama mkwe akija na kuku kutoka mlimani, mpokeeni kwa mikono miwili na shukrani. Hatuokolewi kwa sombe. Tunautunza mwili kwa sababu ni hekalu la Roho, na kwa sababu tunapendana na tunatamani kuzeeka pamoja.

Mkikosa mahali pa kuanzia, chukueni zile siku kumi za Danieli. Kila kanisa lichague siku zake, wazee waanze wakiwa na wake zao. Siku ya kwanza wapime presha, uzito na, kwa wanaoweza, sukari kabla ya kula, waandike kwenye kadi moja majina mawili, la mume na la mke. Siku ya mwisho wapime tena. Wajane na wasiooa wajiunge na nyumba mojawapo, wasiachwe kula peke yao. Chakula cha pamoja cha Sabato hiyo akina mama wa Dorkasi wakipike bila nyama na bila sukari, na akina baba ndio waoshe vyombo. Kadi zitunzwe na karani wa kanisa, kwa siri, tuzitazame tena wakati wa makambi.

Ndimi mwenzenu katika huduma ya afya na kaya.