Viatu vya Mpiga Kinanda

Naomba niseme neno juu ya viatu. Najua wako watakaocheka. Lakini mimi nilipokuwa mwanafunzi hapa Kanzenze nilikaribia kuacha kinanda kwa ajili ya viatu tu, na sasa naona wadogo zetu wanapatwa na yale yale.

Mtu asiyekijua kinanda hudhani kazi ya miguu ni kuvuta upepo. Ni kweli kwa harmoniamu: unakanyaga mivukuto, upepo unatikisa vilimi vya shaba, na hata ukivaa mabuti ya shambani sauti itatoka. Kinanda kikubwa cha kanisani ni jambo jingine. Upepo wake huletwa na mashine, au zamani na mtu wa kuvukuta, ukakaa tayari ndani ya sanduku. Mpigaji akivuta kishikio, anachagua safu ya mabomba. Akibonyeza kibao, kilango hufunguka na bomba likaimba. Bomba likizidi urefu, sauti huzidi uzito, na yale ya futi 16, yaani karibu mita 5, hunguruma chini kabisa. Ngurumo hiyo ndiyo kazi ya miguu. Chini ya benchi viko vibao vingine, mara nyingi 30 au 32, vilivyopangwa kama vile vya mikono. Kinanda cha umeme tulichojifunzia sisi hakikuwa na bomba hata moja, lakini vibao vyake vya miguu vilikuwa vivyo hivyo.

Basi fikirini mvulana aliyetoka nje wakati wa mvua, udongo wetu mweusi wa volkano umemganda miguuni, amevaa raba zenye soli nene. Soli pana inakanyaga vibao viwili pamoja. Mpira unang'ang'ania mahali panapotaka kuteleza. Changarawe zinaingia kwenye springi. Nami niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba nina miguu mizito na sina sikio. Niliamini, nikalia usiku. Likizo iliyofuata nikaazima viatu vya harusi vya kaka yangu, vya ngozi, vyembamba, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti moja moja, safi. Sikio nilikuwa nalo siku zote.

Kiatu kinachofaa ni chembamba, kimefungwa kamba kisichezecheze, soli yake ni ya ngozi laini ili unyayo uhisi kibao, na kisigino chake ni cha inchi moja hivi. Kisigino hicho si pambo. Kwa ncha unapiga kibao kimoja, kwa kisigino unapiga kingine, na mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Wako wanaopiga kwa soksi, siwakatazi, lakini mguu wa soksi hauna kisigino hicho.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Kinanda cha kwanza cha mabomba kilibuniwa na Ktesibios, mtu wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Bara letu hilo! Tena Daktari Albert Schweitzer alipokwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alichukua piano iliyofungwa vibao vya miguu, imekingwa kwa zinki isiharibiwe na hali ya nchi za joto, ili miguu yake isisahau kazi.

Jambo la fedha nalijua pia. Mzazi anayelima viazi hawezi kununua viatu vya kuvaa saa moja kwa juma. Ndiyo maana wenye viatu vizuri vya Jumapili huonekana wana kipawa, na wengine wanarudishwa kuimba. Hilo ndilo linaloniudhi, si mchanga.

Nasema viatu viwe mali ya kinanda, kama kitabu cha nyimbo kilivyo mali ya kinanda. Jozi nne za ukubwa mbalimbali, zishonwe na fundi wa hapa hapa, zikae kwenye kabati kando ya benchi, wala zisitoke nje ya mlango. Wanafunzi wa zamani tukichanga, hazitatushinda. Jozi ya namba 41 nitailipia mimi.